Karakana ya Maswali: AND, OR na NOT ndani ya PLC

Barua za safari hii zimetoka Mafinga, Uyole, Igurusi, Ubaruku, Vwawa, Njombe, Iringa na Mufindi. Waandishi wake hawafahamiani, lakini wengi wamekwama mahali pamoja: viunganishi vya kimantiki, yaani AND (“na”), OR (“au”) na NOT (“si”), katika programu ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mitambo. Tumezifupisha barua zenyewe. Mifano imeandikwa kwa lugha ya maandishi ya kiwango cha IEC 61131-3, ile inayoitwa ST, na majina ya inputi na autiputi tumeyaweka kwa Kiswahili ili yasomeke. Alama := husomwa “inapewa jibu la”. Jina linaloishia na _NC ni la waya unaopita kwenye kontakti inayopitisha umeme mambo yakiwa shwari. Kwa hiyo 1 ni salama, 0 ni simama.

Vitufe viwili vikishikwa pamoja, msumeno hauzimi

*Nimefunga PLC ndogo kwenye msumeno wa kupasulia magogo. Nimeandika hivi:*

Mota := Washa OR Mota AND Zima_NC AND Ovalodi_NC;

*Unawaka vizuri na kuzima vizuri. Juzi kijana mmoja alishika kitufe cha kijani na chekundu kwa wakati mmoja, msumeno ukaendelea kuzunguka. Je, PLC imeharibika? (Fundi umeme, Mafinga)*

PLC ni nzima, na imefanya ulichoiandikia. Kama vile kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha, AND hutangulia OR. Mstari wako umesomwa hivi:

Mota := Washa OR (Mota AND Zima_NC AND Ovalodi_NC);

Vizuizi vyote viwili vimekaa upande wa kujishikilia (pale Mota inapojisoma yenyewe ili ibaki imewaka kidole kikiondoka), na upande wa Washa umebaki mtupu. Maadamu kidole kiko kwenye kijani, hakuna kitufe cha kuzima wala ovalodi (kinga ya mota inayozidiwa) itakayosikilizwa. Kama ovalodi yako haikatishi pia waya wa koili ya kontakta (swichi ya sumaku inayoipa mota umeme) moja kwa moja, mota iliyokwama kwenye gogo itaendelea kulishwa umeme mpaka nyuzi zake ziungue.

Mabano yanatibu hilo:

Mota := (Washa OR Mota) AND Zima_NC AND Ovalodi_NC;

Mpangilio wa ST ni huu: mabano kwanza, kisha NOT, kisha hesabu, kisha ulinganisho wa kubwa, ndogo na sawa, kisha AND, kisha XOR, na OR mwisho kabisa. Hatukushauri uukariri. Weka mabano hata pale yasipolazimika, kwa sababu atakayefungua programu hiyo saa nane usiku mashine ikiwa imesimama hatakuwa na nafasi ya kukumbuka orodha.

Wachoraji wa ngazi, yaani wanaoandika programu kwa michoro ya kontakti na koili, nao hufanya kosa hilohilo kwa kuchora. Tawi la kujishikilia linatakiwa lizunguke kontakti ya Washa peke yake, halafu njia irudi kuwa moja kabla ya kufika Zima na Ovalodi. Ukiipeleka Washa kwa njia yake mpaka karibu na koili, umechora mstari ule mbovu bila kuandika neno.

Mabano hayajamaliza kazi, hasa kwenye mbao. Utomvu wa msonobari ukichanganyika na vumbi la mbao hunatisha vitufe. Kitufe cha kijani kikinata ndani, ukibonyeza chekundu mota inazima, ukikiachia inawaka yenyewe, kwa sababu Washa bado ni 1. Fundi aliyeinama kubadilisha mkanda hatakuwa na taarifa. Hapo usisome hali ya kitufe, soma tukio la kubonyezwa:

Ukingo(CLK := Washa);
Mota := (Ukingo.Q OR Mota) AND Zima_NC AND Ovalodi_NC AND NOT Skani_ya_Kwanza;

R_TRIG, ambayo hapa tumeiita Ukingo, hutoa 1 kwa skani moja tu (mzunguko mmoja wa PLC kupitia programu), pale Washa inapotoka 0 kwenda 1. Na ile Skani_ya_Kwanza ya mwisho si pambo. Umeme ukikatika na kurudi, kumbukumbu ya R_TRIG huanza na 0, na ikikuta kitufe kimenata kwenye 1 huhesabu kwamba kimebonyezwa sasa hivi. Bila kizuizi hicho, mashine itawaka pale tu TANESCO wanaporudisha umeme. PLC nyingi zina biti yake maalumu ya skani ya kwanza. Itafute kwenye kitabu cha aina yako.

Jaribu ukiwa umekata swichi kuu ya mota, ili kontakta igonge lakini msumeno usizunguke. Shika kijani, bonyeza chekundu: kontakta iachie. Achia chekundu huku umeshika kijani: isirudi. Sukuma kidude cha kujaribia ovalodi huku umeshika kijani: iachie. Zima PLC na kuiwasha huku umeshika kijani: ibaki kimya. Ikifeli moja, usirudishe swichi kuu.

Kitufe cha dharura, kile chekundu chenye kichwa cha uyoga, hakimo kwenye mistari hii kwa makusudi. Kinatakiwa kikate koili ya kontakta kupitia relei ya usalama, nje ya programu. PLC ipewe kontakti ya kujulishwa tu.

Kitufe ni NC, alama ni NC, mota haiwaki

*Nina kinu cha sembe. Kitufe cha kuzima ni NC, kwa hiyo kwenye ngazi nami nimechora alama ya NC. Mota haiwaki kabisa, ila nikishikilia kitufe cha kuzima ndipo inawaka! (Uyole, Mbeya)*

Umekanusha mara mbili. Alama ya kwenye ngazi haijui wala haijali kitufe chako kimetengenezwaje. Inauliza swali moja kuhusu biti: alama isiyo na mkwaju inauliza “je, ni 1?”, yenye mkwaju inauliza “je, ni 0?”

Kitufe chako kisipoguswa kinapitisha volti 24, biti ni 1. Alama yenye mkwaju inaona 1 na kukataa kupitisha. Ukibonyeza, biti inakuwa 0, alama inaridhika, mota inawaka. Chora alama isiyo na mkwaju, basi. Kwa maandishi ni AND Zima_NC, bila NOT.

Usije ukatibu kwa kubadilisha kitufe kiwe NO (kinachopitisha umeme kikibonyezwa tu) na kuacha mkwaju. Itafanya kazi, na hiyo ndiyo hatari yake. Siku panya wa kwenye kinu watakapokata ule waya, kitufe cha NO hakitaweza tena kupeleka 1, na mota haitazimika kwa kitufe hicho. Waya wa NC ukikatwa biti inakuwa 0 papo hapo, mota inasimama, unajua una kazi ya kufanya.

Lugha yetu yenyewe inachangia mkanganyiko huu. Ukifungua bomba, maji yanatoka. Ukifungua kontakti, umeme unakatika. Ndiyo maana ndani ya karakana tunapenda kusema “inapitisha” na “haipitishi”, na kuachana na “wazi” na “imefungwa”. Kabla ya kugusa programu, tazama vitaa vya inputi usoni mwa PLC: kitaa cha kuzima kiwe kinawaka wakati hakuna aliyegusa kitu.

Kengele inalia tukishachelewa

*Mwenye mashine ya mpunga aliniambia: “Kengele ilie elevata na kisafishio zikizima.” Nimeandika Kengele := NOT Elevata AND NOT Kisafishio. Elevata imezima mara mbili, mpunga ukajaa mpaka chini, kengele kimya. (Igurusi, Mbarali)*

Mwenye mashine alisema “na”, lakini alimaanisha yoyote kati ya hizo mbili. Mstari wako unangoja zote mbili zizime. Ulitakiwa uandike:

Kengele := NOT Elevata OR NOT Kisafishio;

au, kwa maana ileile kabisa:

Kengele := NOT (Elevata AND Kisafishio);

Kanuni hii ina jina la Augustus De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19: NOT ikiingia ndani ya mabano, AND hugeuka OR, na OR hugeuka AND. Anayezungumza Kiswahili anaifahamu tayari kupitia neno “wala”. Ukisema “haizunguki elevata wala kisafishio”, zote mbili zimesimama: NOT Elevata AND NOT Kisafishio, sawa na NOT (Elevata OR Kisafishio). Ukisema “si zote zinazozunguka”, walau moja imesimama: NOT (Elevata AND Kisafishio). “Wala” na “si zote” ni vitu viwili, na ulichotakiwa kuandika ni “si zote”. Mtu akikupa sharti kwa mdomo, mwulize: “Ikizima moja tu, nifanye nini?” Swali hilo moja linamaliza ubishi.

Sasa kengele peke yake haitoshi mashine ya mpunga. Elevata ikisimama, kila kilicho nyuma yake lazima kisimame, la sivyo mpunga unafurika miguuni mwa elevata na kazi ya kuuchimbua inachukua nusu siku. Panga laini kuanzia mwisho. Kigredi kiwake kwanza, kisha kipolishi, kisha kitenganishi, kisha kikoboleo, na kisafishio na kilisha viwe vya mwisho. Kila mashine ipewe ruhusa na ile inayoipokelea:

Ruhusa_Kikoboleo := Kitenganishi_Kinazunguka AND Elevata2_Inazunguka;
Ruhusa_Kisafishio := Kikoboleo_Kinazunguka AND Elevata1_Inazunguka;

Neno “Inazunguka” litoke kwenye kitu kinachothibitisha. Kontakti ya pembeni ya kontakta ni mwanzo mzuri. Kwa elevata, sensa ya kuhesabu mizunguko kwenye puli ya chini ni bora zaidi, maana mkanda uliokatika huacha mota na puli ya juu vikizunguka kwa furaha.

Na kengele usiiache ilie usiku kucha laini ikiwa imezimwa kwa hiari:

Kipima(IN := Laini_Imeamriwa AND NOT (Elevata AND Kisafishio), PT := T#5S);
Kengele := Kipima.Q;

Sekunde 5 ni za kungoja mota zichukue mwendo wakati wa kuwasha. Kwa kengele tu hazina madhara. Kwa kusimamisha mashine iliyo nyuma, usingoje hata moja.

Gunia moja, hesabu 150

*Sensa ya mwanga inaona gunia, nami nimeandika IF Sensa AND Mkanda THEN Idadi := Idadi + 1. Gunia moja linahesabiwa zaidi ya mara 100. (Ubaruku)*

PLC husoma inputi zote, hutekeleza programu, huandika autiputi, kisha huanza tena. Skani yako ikichukua milisekunde 10 na gunia likakaa mbele ya sensa kwa sekunde 1.5, sharti lako ni kweli mara 150. Hesabu ukingo wa sensa kwa R_TRIG, kama tulivyomwandikia ndugu wa Mafinga. Uiite R_TRIG kila skani, nje ya IF. Ukiiweka ndani ya IF Mkanda, itapitwa na matukio mkanda ukiwa umesimama. Magunia yenye nyuzi zinazoning'inia huongeza hesabu hata hivyo. Weka TON (kipima muda kinachochelewesha kuwaka) ya T#100MS kabla ya ukingo.

XOR ni ya nini hasa?

*Tumefundishwa AND, OR na NOT, hizo nazitumia kila siku. XOR sijawahi kuihitaji kwenye mtambo wetu wa kumenya kahawa. Ina kazi gani? (Vwawa, Mbozi)*

Mwenyeji akikuuliza “chai au kahawa?” hategemei ujibu “ndiyo”. Anataka uchague moja. Hiyo ni XOR: 1 pale inputi mbili zinapotofautiana. OR ni “au” ya mlangoni, “mwenye kadi au mwenye risiti apite”, na mwenye vyote viwili hafukuzwi.

Kazi yake nzuri ni kukagua vitu ambavyo lazima vitofautiane. Chukua vali ya mota inayoingiza maji kwenye mfereji wa kuoshea kahawa. Ina swichi mbili za mwisho, moja ya vali ikiwa wazi kabisa, nyingine ikiwa imefunga kabisa. Vali ikiwa imetulia, swichi moja tu ni 1. Zote 0 maana yake iko njiani, au imekwama kwa jiwe au maganda. Zote 1 haiwezekani, kwa hiyo swichi moja imenata au waya zimegusana.

Iko_Mwisho := Swichi_Wazi XOR Swichi_Fungwa;
Kipima(IN := NOT Iko_Mwisho, PT := T#12S);
Hitilafu_Vali := Kipima.Q OR (Swichi_Wazi AND Swichi_Fungwa);

Sekunde 12 ni za vali inayotumia 8 kwenda mwisho hadi mwisho. Pima yako kwa saa ikiwa na maji, kwa sababu vali kavu huenda haraka zaidi, kisha ongeza nusu.

Mtego wake uko kwenye inputi tatu. Wengi hudhani A XOR B XOR C ni “moja tu kati ya tatu”. Sivyo. Matokeo ni 1 pale idadi ya zilizo 1 ni witiri: moja, au zote tatu. Mtu akiandika hivyo kuhakikisha kwamba ni chanzo kimoja tu kati ya TANESCO, jenereta na sola kimeunganishwa, siku kontakta zote tatu zitakapoingia programu itasema mambo ni safi. Andika kwa urefu:

Kimoja_Tu := (A AND NOT B AND NOT C) OR (NOT A AND B AND NOT C) OR (NOT A AND NOT B AND C);

Hata hapo, programu isiachiwe peke yake kulinda vyanzo vya umeme. Kontakta zifungwe kizuizi cha chuma kati yake, na koili ya kila moja ipite kwenye kontakti ya NC ya mwenzake.

Neno la hali la VFD

*Pampu ya kumwagilia parachichi inaendeshwa na VFD (kidhibiti mwendo wa mota) kwa njia ya mawasiliano ya Modbus. Nasoma neno moja la biti 16, kitabu kinasema biti ya 3 ni hitilafu. Nimeandika IF Hali AND 16#0008 <> 0 THEN, programu inakataa kupokelewa. (Njombe)*

Mpangilio tena. Ulinganisho hutangulia AND, kwa hiyo umesomwa Hali AND (16#0008 <> 0), yaani neno la biti 16 limeunganishwa na jibu la ndiyo au hapana. Kikusanyi chako (kinachotafsiri programu kwa ajili ya PLC) kimekataa, na kimekutendea wema. Viko vinavyopokea mchanganyiko huo na kukupa jibu la uongo bila onyo. Mabano:

IF (Hali AND 16#0008) <> 16#0000 THEN

Katika matumizi haya AND haiunganishi masharti mawili. Inachuja biti moja moja. Panapo 1 kwenye kichujio biti inapita, panapo 0 inafutwa. 16#0008 (16# ni alama ya namba za msingi wa 16) ina 1 kwenye biti ya 3 pekee, tukihesabu kuanzia 0. Ukihesabu kuanzia 1 utasoma biti ya jirani, na kosa hilo ni la kila siku.

Kama VFD yako inafuata CiA 402, kiwango cha pamoja cha vidhibiti vya mota, biti moja haikutoshi kujua kwamba iko kazini. Chuja na 16#006F, na jibu likiwa 16#0027 ndipo mota inaendeshwa:

Inaendeshwa := (Hali AND 16#006F) = 16#0027;

Mengine ya kuangalia. Hali itangazwe kuwa WORD, si INT. Ukiisoma kama INT na biti ya 15 ikawaka, utaona namba hasi, na kulinganisha “kubwa kuliko” kutakuvuruga. Ukiona 16#2700 mahali ulipotarajia 16#0027, baiti zimepishana. Zigeuze kabla ya kuchuja. Na mawasiliano yakikatika, PLC nyingi hubaki na neno la mwisho lililosomwa, kwa hiyo “Inaendeshwa” itabaki 1 huku kebo iko chini. Iunganishe na biti ya mawasiliano kwa AND.

Masharti yote ni kweli, pampu haiwaki

*Kwenye mstari wa 4 autiputi ya pampu inaonyesha 1. Nje haiwaki. (Mwanafunzi wa ufundi, Iringa)*

Tafuta autiputi hiyohiyo chini zaidi. Karibu kila mara ipo: mstari wa 4 ni wa otomatiki, wa 19 ni wa mkono. Autiputi hupelekwa nje mwisho wa skani, kwa hiyo mstari wa mwisho kuandika ndio unaoshinda. Tumia kila autiputi mara moja tu na uziunganishe njia hizo:

Pampu := ((Mkono AND Kitufe) OR (NOT Mkono AND Otomatiki)) AND Kinga_NC;

Kinga ikae nje ya mabano yote. Tumeona nyingi zilizowekwa upande wa otomatiki tu, na pampu zikaungua siku ya kujaribiwa kwa mkono.

Sensa mbili za maji ya boila: AND au OR?

*Boila yetu ya kiwanda cha chai inachoma kuni. Ina sensa mbili za kina cha chini cha maji, kila moja inatoa 1 ikigusa maji. Mwenzangu anasema niunganishe kwa OR ili isisimame ovyo. Mimi nasema AND. Nani yuko sahihi? (Mufindi)*

Wewe. Jiulize kosa lipi ni ghali zaidi. Kwa OR, sensa moja iliyofunikwa na magadi ikikwama kwenye 1, ya pili haina kura tena: maji yanaisha na programu inasema yapo. Kwa AND, sensa moja ikiona ukavu inatosha kusimamisha. Utasimama bila sababu mara kadhaa, na kila mara utasafisha sensa, lakini hutachoma mabomba.

Mwenzako naye analalamikia jambo la kweli. Boila inayosimama ovyo inaharibu chai iliyo kwenye kikaushio, na watu wakichoka wataunganisha waya wa kupita pembeni, jambo baya kuliko OR. Dawa ni sensa ya tatu na kura ya mbili kati ya tatu:

Maji_Yapo := (A AND B) OR (B AND C) OR (A AND C);

Moja ikidanganya, upande wowote, mbili zinaishinda. Lakini lazima ujue kwamba moja inadanganya, la sivyo utaendelea nayo miezi hadi ya pili nayo iharibike:

Zinapishana := NOT ((A AND B AND C) OR (NOT A AND NOT B AND NOT C));

Ipitishe kwenye TON ya sekunde 10 kabla ya kuwasha taa ya matengenezo, kwa kuwa maji yanayochemka hupandisha na kushusha usawa wakati wote.

Kisha kumbuka kwamba moto wa kuni hauzimiki kwa swichi. Programu inaweza kusimamisha feni ya kupuliza hewa na kilisha kuni, ila mikaratusi iliyokwisha shika moto tanuruni itaendelea kutoa joto. Kwa hiyo weka kengele ya mapema kwenye usawa ulio juu ya ule wa kusimamisha, ili mchocheaji apate muda. Na angalau sensa moja ikate feni kupitia relei yake, bila kupita kwenye PLC ya kawaida.

Hitilafu ikishatokea isijifute maji yanaporudi. Inahitaji kumbukumbu, na hapa ule mstari mbovu wa Mafinga unageuka kuwa ndio sahihi:

Weka_Ukingo(CLK := Kitufe_cha_Kufuta);
Hitilafu := NOT Maji_Yapo OR (Hitilafu AND (NOT Weka_Ukingo.Q OR Skani_ya_Kwanza));
Feni_Ruhusa := NOT Hitilafu;

Kwenye mota tulitaka kuzima kushinde kuwasha. Kwenye hitilafu tunataka hitilafu ishinde kufuta: maji yakiwa hayapo, bonyeza kitufe cha kufuta utakavyo, haitafutika. Ukingo umewekwa kwa ajili ya yule atakayekibana kitufe kwa kijiti ili asisumbuliwe. Ukitumia vipande vilivyo tayari, SR ndiyo hutanguliza kuweka, RS hutanguliza kufuta. Kwa hitilafu chukua SR, kwa mota chukua RS.

Itangaze Hitilafu kama RETAIN (inayokumbukwa hata umeme ukikatika), ili isifutike kwa mtu kuzima na kuwasha PLC. Biti ya Mota usiipe RETAIN: umeme ukirudi, mota ingoje kubonyezwa.